Uzi: Kutengeneza mchezo wako wa kwanza wa mezani, anza na punje za mahindi kabla hujaenda kuchapa

Punje (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikizuka humu mada ya michezo ya mezani, haichukui muda kabla mtu hajauliza wapi wanachapa boksi zuri kwa bei nafuu. Ukimuuliza mchezo wenyewe ukoje, anakuambia ni kama Monopoly ila mitaa ni ya Dar: Kariakoo, Sinza, Masaki. Nembo ameshachorewa. Kanuni bado hajaziandika.

Nimefungua uzi huu nieleze njia nyingine, ninayoifuata na kuiamini. Anza na uamuzi. Tafuta jambo ambalo mtu wa kwenu, mwenye akili zake timamu na taarifa zote mkononi, bado linamkosesha usingizi kwa sababu hajui afanye lipi. Hilo ndilo la kuweka mezani. Picha, boksi na jina vitafuata baadaye, na vingine utavibadilisha mara nyingi kabla hujafika mwisho.

Chukueni ludo tuliyokulia. Kete haitoki nyumbani mpaka upate sita. Kukosa sita mara kumi mfululizo kuna uwezekano wa asilimia 16 hivi. Unaonekana mdogo, lakini mkiwa wanne mezani, uwezekano wa angalau mmoja wenu kumaliza zamu zake kumi za mwanzo bila kutoa kete hata moja unafika nusu. Maana yake karibu kila mchezo wa pili kuna mtu ameketi anawatazama wenzake wakicheza. Na hakuna alichokosea, kwa sababu hakuna alichopewa aamue. Ludo inadumu kwa sababu ya utani na kuulana, na mimi naipenda. Ila mchezo mpya hauna watu waliokulia nao. Unapaswa kumshika mchezaji wenyewe, kuanzia zamu ya kwanza.

Mimi nipo Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo uamuzi wangu niliukuta ghalani. Mahindi yakishavunwa, Julai bei iko chini maana kila mtu anauza. Ukiyatunza mpaka Januari au Februari, kwa kawaida bei imepanda. Lakini katikati kuna dumuzi, mdudu wa ghalani ambaye akiingia kwenye gunia unabaki na unga wa vumbi na punje zenye matundu. Na Januari shule zinafunguliwa, ada haisubiri bei ya Februari. Uuze sasa au usubiri? Hapo hapana jibu moja, ndiyo maana panafaa mchezo.

Mchezo nimeuita Ghala. Vifaa vyake vyote unavyo nyumbani: punje halisi za mahindi, dadu moja, daftari na penseli, na vipande saba vya karatasi.

Kila mchezaji anaanza Julai na punje 10, kila punje ni gunia moja. Bei ya kuanzia ni 3. Tunacheza miezi minane, Julai hadi Februari. Vile vipande saba vya karatasi vimeandikwa 0, 0, 1, 1, 1, 1 na 2, vinachanganywa na kufunikwa. Kila mwezi mpya ukiingia unafunua kimoja, bei inapanda kwa namba hiyo. Ukijumlisha vyote unapata 6, kwa hiyo wote mnajua kwamba Februari bei itafika 9. Msichojua ni itapanda lini.

Kila mwezi, kila mchezaji anaficha kwenye ngumi punje anazotaka kuuza. Tunahesabu tatu, ngumi zinafunguliwa pamoja. Punje zote zilizoletwa sokoni zinajumlishwa, na kwa kila punje 5 bei inashuka ngazi moja kabla watu hawajalipwa. Haishuki chini ya 1, na mwezi unaofuata inarudi pale ilipokuwa kisha inafunuliwa karatasi mpya. Kwa hiyo unapofunga ngumi huangalii bei tu, unamsoma jirani yako.

Baada ya kuuza, kila aliyebaki na mahindi anarusha dadu ya dumuzi. Januari kabla soko halijafunguliwa kila mtu analipa ada ya 15. Asiye nayo anakopa na mwisho wa mchezo anarudisha 20. Mwenye fedha nyingi baada ya soko la Februari ndiye mshindi.

Sasa sehemu ambayo wengi huikimbia, hesabu. Swali ni dumuzi awe mkali kiasi gani. Tuseme ukipata 1 kwenye dadu unapoteza nusu ya mahindi. Kwa wastani kila mwezi unabaki na sehemu 11 kwa 12 za ulichokuwa nacho. Kutoka Julai hadi Februari dadu inarushwa mara saba, kwa hiyo gunia lililowekwa mpaka mwisho linabaki kama asilimia 54. Zidisha kwa bei ya 9 unapata 4.9. Kuuza Julai kunakupa 3. Mtu yeyote mwenye macho atasubiri, na mchezo umekufa.

Basi tumkaze dumuzi, ale nusu ukipata 1 au 2. Sasa kinachobaki mwisho ni asilimia 28, na gunia lako la Februari lina thamani ya 2.5. Kila mtu atauza Julai, na mchezo umekufa kwa upande wa pili.

Namba moja tu ya dadu imegeuza mchezo mzima. Ndiyo maana nasema daftari kwanza. Suluhisho nililolipata ni dawa. Bila dawa, dumuzi anakula ukipata 1 au 2. Ukitia dawa, anakula ukipata 1 peke yake. Dawa ni fedha 1 kwa kila gunia, unatia magunia yote uliyonayo au hutii kabisa, na inadumu miezi mitatu. Kwa miezi hiyo mitatu, asiyetia anabaki na asilimia 58, aliyetia asilimia 77. Tofauti ni asilimia 19. Ukipanga kuuza bei ikiwa 5, dawa inakurudishia kama 0.95 kwa kila gunia, umepoteza kidogo. Ukipanga kuuza kwa 9 inakurudishia 1.7, umepata. Na kwa kuwa Julai huna hata senti, lazima uuze kidogo kwa bei mbaya ili upate fedha ya dawa. Hapo ndipo watu wanaanza kukuna vichwa, na ndicho ninachokitafuta.

Karibuni kwa maswali na michango. Sehemu ya kuchapa nitaiandika akitokea anayeijua kuliko mimi.

---

Mzee wa Mbozi

Binti yangu, nimesoma yote. Sina ujuzi wa michezo lakini mahindi nayajua. Umemsahau mtu mkubwa kuliko dumuzi, naye ni dalali. Anakuja mlangoni na lumbesa yake, gunia lililoshonewa kilemba juu, anakulipa kama gunia moja. Mkulima anajua anaibiwa lakini anauza, kwa sababu fedha ipo mkononi na hana usafiri wa kufika sokoni. Mchezo wa mahindi usio na lumbesa mimi siutambui.

---

Punje

Shikamoo mzee. Asante sana kwa kuingia.

Kila kanuni mpya mimi huiuliza swali moja: inaongeza uamuzi, au inaongeza kazi ya kukumbuka tu? Nyingi zinafeli, hata zile zenye ukweli kabisa. Mvua ya Oktoba ni ya kweli, ushuru wa mazao ni wa kweli, lakini ukiviweka vyote mezani mchezaji anabaki kusoma karatasi badala ya kumtazama mwenzake.

Lumbesa imepita, nimeijaribu kwenye daftari usiku huu. Kabla ya kufunga ngumi, mchezaji yeyote anaweza kutangaza kwamba anauza kwa dalali. Anatoa punje 4, analipwa za 3, kwa bei ya mwezi huo isiyoshuka hata soko likifurika. Punje hizo hazihesabiwi sokoni.

Tuseme bei ni 5. Kwa dalali unapata 15 za uhakika. Ukienda sokoni na punje nne bei ikashuka ngazi moja, unapata 16. Ikishuka mbili unapata 12. Kwa hiyo dalali analipa pale tu unapohisi watu watafurika, yaani punje 10 na zaidi. Na ukishatangaza, wenzako nao wanajua kwamba wewe huendi sokoni, mahesabu yao yanabadilika. Kanuni moja fupi imegusa kila mtu mezani. Mzee, hii imeingia rasmi.

---

Bahati Nasibu Hapana

Dada Punje, uzi mzuri ila kuna kitu sikipendi. Kwa nini dadu? Mimi ni mtu wa bao. Mashimo 32, kete 64, bahati haina nafasi hata chembe. Ukifungwa umefungwa na akili ya mtu. Mbona usitengeneze mchezo wa namna hiyo?

---

Punje

Ndugu yangu, bao nalivulia kofia. Kwa anayetengeneza mchezo wake wa kwanza, lina mambo mengi ya kufundisha. Kwenye bao la Kiswahili kila mmoja anaanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa kwenye shimo kuu liitwalo nyumba, na 22 zinabaki mkononi. Kipindi chote cha kunamua unaingiza moja moja. Aliyebuni utaratibu huo alitatua tatizo linalowasumbua wabunifu mpaka leo: mchezo usio na bahati ukianza na kila kitu ubaoni, wajuzi hukariri namna ya kuanza. Kete za mkononi zinaifanya hali ibadilike kila zamu huku ubao ukijaa taratibu. Na vifaa vyenyewe ni komwe na gogo lililochimbwa.

Lakini bao limepigwa msasa na vizazi. Mchezo usio na bahati unamwadhibu mgeni vikali, fundi atamfunga mwanafunzi kila siku ya Mungu. Mimi nataka Ghala ichezwe na mama, mtoto wa darasa la sita na mjomba aliyepita kusalimia. Dadu inampa mgeni nafasi ya kushinda leo, na uamuzi unampa fundi nafasi ya kushinda mara nyingi zaidi. Tena hapa dadu inakuja baada ya kuamua. Umejua hatari, umechagua kubaki na mahindi, ndipo unarusha. Kwenye ludo unarusha kwanza, kisha unaambiwa cha kufanya. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

---

Kijana wa Posta

Mkuu mimi swali langu ni la kibiashara. Unasema tusiige Monopoly, lakini Monopoly imeuza dunia nzima. Si ndiyo ushahidi kwamba watu wanapenda kurusha dadu na kununua mitaa? Halafu ukiweka mchezo wako wote humu huogopi kuibiwa?

---

Punje

Maswali yote mawili yanajibiwa na mwanamke mmoja. Elizabeth Magie, Mmarekani, alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya mchezo wake The Landlord's Game mwaka 1904. Hakuanza na mitaa. Alianza na hoja kuhusu kodi ya ardhi: alitaka mtu aone kwa macho yake jinsi mwenye ardhi anavyotajirika na mpangaji anavyofilisika. Monopoly ilitoka kwenye mti huo. Kampuni ya Parker Brothers ilipoanza kuuza Monopoly mwaka 1935 sifa alipewa Charles Darrow, na Magie hataza yake ilinunuliwa kwa dola 500. Kwa hiyo unachokiita kurusha dadu na kununua mitaa kilizaliwa na mtu aliyekuwa na jambo la kusema. Anayenakili leo anachukua ganda.

Kuhusu kuibiwa. Hakimiliki inalinda ulivyoandika kanuni zako, michoro yako, mwonekano wa ubao wako. Hailindi wazo la "wakulima wanaouza kwa ngumi". Kwa Tanzania unaweza kusajili kazi yako ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kwa Kenya ni KECOBO, na jina la biashara au alama unalipeleka kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa huku kwetu. Usitumie jina la mchezo wa kampuni ya watu kwenye boksi lako hata kama umeongeza neno "wa Bongo" mbele, majina hayo ni alama zilizosajiliwa.

Hofu ya kuibiwa imeua michezo mingi kuliko wezi. Mchezo uliofichwa kabatini haujachezwa na mtu, na usiochezwa haukamiliki. Mimi nauweka hapa ili ninyi muuvunje.

---

Nai Mtengenezaji

Sasa nyinyi. Niko Nairobi, kazi yangu ni ya uchapishaji, wacha niongeze upande huo kwa sababu naona Punje ameuacha wazi.

Kadi za kawaida za karata zina upana wa milimita 63 na urefu wa 88. Kwenye karatasi ya A4 zinaingia tisa, tatu kwa tatu, na ukingo unabaki. Panga kadi zako kwa idadi zinazogawanyika kwa tisa na utaokoa pesa. Mchezo wa kadi 54 ni karatasi sita kamili. Wa kadi 56 ni karatasi saba, na ile ya saba karibu yote ni hasara.

Kwa majaribio usichape rangi. Chapa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyepesi, kata, kisha ingiza kila kipande kwenye mfuko wa plastiki wa kadi pamoja na karata kuukuu nyuma yake ili iwe ngumu. Ukibadilisha kanuni, unatoa karatasi tu na kuingiza nyingine. Ukifika hatua ya kuonyesha watu wa nje, tumia karatasi ya gramu 300 na mashine ya leza. Wino wa kawaida wa majimaji unachafuka ukishikwa na vidole vyenye jasho. Kata kwa rula ya chuma na kisu chenye wembe mpya, pitisha wembe mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu, la sivyo pembe zitararuka. Zungusha pembe za kadi. Kadi yenye pembe kali ikikunjika kidogo, wachezaji wataitambua hata ikiwa imefunikwa, na siri ya mchezo imekwisha.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni ubao. Kutengeneza ule wa kukunjwa unaofunikwa karatasi ni kazi ngumu na ghali kwa nakala chache. Nenda kwa wanaochapa mabango ya matangazo, wakuchapie kwenye lile turubai. Linakunjwa kama mkeka, maji hayaliharibu, rangi zinatoka vizuri, na wanakubali kukuchapia hata moja.

Halafu Punje, kule kwenu gunia ni kilo 100, huku kwetu ni 90. Ukija Kitale na mchezo wako usiandike kilo popote, andika gunia tu.

---

Punje

Nai, ubarikiwe. La turubai sikuwahi kulifikiria, na kwa Ghala linafaa kabisa kwa sababu punje hazitelezi juu yake kama kwenye karatasi iliyotiwa plastiki. Kilo sitaandika.

Nitaongeza moja tu kuhusu michoro. Kabla ya kumlipa mchoraji, weka ubao wako wa penseli mezani na uketi upande ambao maandishi yameelekea kichwa chini. Mchezaji mmoja au wawili watakuwa hapo siku zote. Kama huwezi kusoma bei ukiwa upande huo, mchoro mzuri hautakusaidia. Namba ziandikwe kubwa, na miezi ipangwe kwa mduara ili kila mtu awe na upande wake.

---

Mwalimu wa Kiswahili

Nami naomba kuuliza. Nafundisha msingi, nilitaka watoto wawe na mchezo wa kuunda maneno kama Scrabble lakini kwa Kiswahili. Nilinunua ya Kiingereza tukajaribu, watoto walikwama haraka. Nifanyeje?

---

Punje

Mwalimu, watoto wako hawana kosa, vigae ndivyo tatizo. Alfred Butts alipobuni Scrabble miaka ya 1930 alihesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza, akapanga idadi na pointi kufuatana na alichokikuta. Kwenye seti hiyo ya vigae 100, E ziko 12 na A ziko 9. K ipo moja tu, na ina pointi 5. Sasa fikiria mtoto anataka kuandika "kuku", "kaka", "kikombe". Kwetu K iko kila mahali: ku-, ki-, ka-, kwa, katika. W ziko mbili zenye pointi 4 kila moja, nasi wingi wa watu tu unaanza na wa-. Halafu kuna Q na X zinazokaa mkononi mwa mtoto bila kazi.

Fanya alichofanya Butts, na wafanye watoto wenyewe. Wape kila mmoja aya ya gazeti au ya kitabu cha kiada, wahesabu kila herufi kwa vijiti vya tano tano, kisha mjumlishe ubaoni. Herufi inayotokea sana iwe na vigae vingi na pointi moja, inayotokea kwa nadra iwe na vigae vichache na pointi nyingi. Mtaona A inaziacha nyingine mbali.

Mtalazimika kuamua kuhusu ch, sh, ny na ng'. Mimi ningeiweka "ch" kwenye kigae kimoja maana C peke yake haina kazi nyingine kwetu, na hizo nyingine ningeziacha zijengwe kwa herufi mbili. Kwa ng' wakubaliane darasani kama kile kialama kinahesabiwa. Jingine zito ni vitenzi. Je, "tulimpikia" ni neno halali? Kwa kanuni za Kiswahili ni neno moja lililokamilika. Ukiruhusu, mtoto anaweza kurefusha "pika" kwa mbele na kwa nyuma mpaka ubao ujae, na hapo ndipo mchezo wenu utakuwa na ladha ambayo ule wa Kiingereza hauna. Mimi ningeruhusu, na ningempa pointi za ziada anayeongeza kiambishi kwenye neno lililopo. Vigae vikate kwenye kadibodi ya maboksi, vya mbao vije baadaye.

---

Kijana wa Posta

Nimekuelewa dada, na samahani kwa haraka ya biashara. Nimeandika kanuni za wazo langu, ni kurasa nne. Najuaje kama mchezo ni mzuri? Niliowachezesha ni marafiki zangu, wote wamesema ni mzuri.

---

Punje

Marafiki watakusifia, ndiyo adabu. Usiwaulize kama wameupenda. Waulize: ni wakati gani ulikuwa unangoja tu? Ni kitu gani ulitaka kufanya kanuni zikakukatalia? Zamu iliyopita ulichagua kati ya nini na nini? Kama la mwisho halina jibu, zamu hiyo haikuwa na uamuzi. Na mtazame mikono na macho kabla ya kusikiliza maneno. Mtu aliyeshika simu wakati si zamu yake ameshakupa jibu.

Kisha wape watu wasiokujua karatasi ya kanuni na vifaa, uketi pembeni na ufunge mdomo. Hili ni gumu kuliko hesabu zote. Watacheza vibaya mbele ya macho yako, na mkono utakuwasha kusahihisha. Usisahihishe. Andika ni sentensi gani waliisoma mara mbili. Kwenye Ghala niliandika "unapoteza nusu", na kundi moja lilibishana muda mrefu: mwenye punje 7 anapoteza 3 au 4? Sasa imeandikwa "unapoteza nusu, na isipogawanyika sawasawa, punje ya ziada ni ya mkulima".

Kurasa nne ni nyingi kwa mchezo wa kwanza. Jaribu kuanza na sentensi inayosema mshindi anapatikanaje, kisha maandalizi, kisha zamu moja kamili kwa mfano wenye namba. Watu wanaelewa mfano haraka kuliko maelezo. Ukiona kanuni inahitaji maneno "isipokuwa kama", angalia kama unaweza kuifuta.

---

Mama wa Mapacha

Jamani mimi nimecheza! Jana usiku na mapacha wangu, miaka kumi na moja. Tumecheza watatu, halafu wawili baada ya mmoja kulala. Punje tulizitoa kwenye mahindi ya bisi.

Walivyopenda kufungua ngumi sitasema, walikuwa wanapiga kelele mpaka baba yao akatoka chumbani. Ila nimeona mambo mawili. Tukiwa wawili soko halijai. Kufikisha punje 5 ni shida, kwa hiyo bei karibu haishuki na dalali hana maana. La pili, mmoja aliuza zote Oktoba kwa woga wa dumuzi, akabaki amekaa mpaka Februari akituangalia. Akaniuliza, "Mama, mimi nimeshamaliza?"

---

Punje

Mama wa Mapacha, ripoti yako ina thamani kuliko pongezi zote za uzi huu. Umegusa penyewe, mara mbili.

La kwanza ni rahisi. Bei ishuke ngazi moja kwa kila punje zinazolingana na idadi ya wachezaji jumlisha moja. Wawili, kila punje 3. Watatu, kila punje 4. Wanne inabaki 5 kama nilivyoandika mwanzo, na watano ni 6.

La pili ni zito, maana mtu asiye na cha kuamua kwa miezi minne ni kasoro ya mchezo, si ya mtoto. Sitaki kumkataza kuuza zote, huo ni uamuzi halali na wakati mwingine ndio sahihi. Ninachofikiri ni kwamba aliyemaliza mahindi ana fedha mkononi, na Mzee wa Mbozi ametuambia mwenye fedha mkononi kijijini ni nani. Basi huyo awe dalali. Kuanzia mwezi unaofuata, mtu akitangaza kuuza lumbesa halipwi tena na benki, analipwa na huyo aliyemaliza: punje 4 zinakwenda kwake, naye analipa za 3 kwa bei ya mwezi. Anaweza kukataa akiona hazimlipi. Akinunua, amerudi mchezoni na ghala lake, na dumuzi anamhusu kama wengine. Wakiwa madalali wawili, muuzaji anachagua amuuzie nani, na wanaruhusiwa kushindana kwa kupandisha bei.

Wasiwasi wangu ni huu: kama Novemba bei ni 6, dalali analipa 18 kwa punje nne. Akizifikisha Februari zote salama anapata 36, lakini dadu itarushwa mara tatu. Bila dawa anabaki kwa wastani na punje 2.3, yaani kama 21. Akitia dawa ya 4 anabaki na 3.1, ni kama 28, ukitoa dawa ni 24. Na sijaihesabu bei itakayoshuka siku ya mwisho, ambapo kila mtu anamwaga alichobakiza. Kwa kuangalia namba naona udalali unalipa kidogo, si sana, na ndivyo ninavyotaka. Lakini daftari haliwezi kuniambia kama mtoto wa miaka kumi na moja ataona raha kuwa dalali.

Mkicheza tena naomba uniandikie mambo matatu: nani aliishiwa mahindi na mwezi gani, alinunua lumbesa ngapi kwa bei gani, na alimaliza nafasi ya ngapi. Wengine wenye punje nyumbani nanyi vivyo hivyo, hasa mkiwa watano, hapo sijajaribu kabisa.